Tuungane kwenye nguzo, tuachane kwenye mita

Ukitoka Tegeta ukapita Bunju na kuvuka mpaka wa Dar es Salaam na Pwani, nyumba mpya zinakusindikiza pande zote mbili za barabara: Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, mpaka unaingia Bagamoyo mjini. Nyingi zimejengwa kwa kasi kuliko nguzo zilivyosimikwa. Mtu kanunua kiwanja, kajenga, kahamia na watoto kabla hata ya kupiga lipu, na laini ya umeme imekomea nyumba ya tatu kutoka kwake. Hapo ndipo kikao kinapoitwa. Mwenyekiti wa kitongoji anawekewa kiti cha plastiki chini ya mwembe, wazee wanapewa shikamoo zao, na hoja inayotolewa ni ileile kila mahali: tuchange tuvute umeme kwa pamoja, au kila mtu ajitegemee?

Hoja hiyo ina pacha wake Bagamoyo mjini. Katika nyumba za Kiswahili za Dunda na Magomeni, zile za vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, kila chumba kina familia yake na nyumba nzima ina LUKU moja, yaani mita moja ya umeme wa kulipia kabla. Huku hakuna kikao, kuna ugomvi. Wapangaji hawa waliunganishwa siku nyingi bila kuulizwa, na swali lao ni la kinyume: tuendelee kuchangia mita hii, au kila mmoja atafute ya kwake?

Kwa sura maswali haya ni mamoja. Watu wengi huyajibu kwa jibu moja pia, kwamba umoja ni nguvu, tuchange. Mimi nimekaa na bei za TANESCO na kalamu, na jibu nililolipata limegawanyika. Kwenye nguzo, anayekataa kuchanga anajiumiza. Kwenye mita, anayekubali kuchangia ndiye anayeumia, na anaumia kila mwezi.

Elfu moja, uniti ngapi?

Tuanze na mita, maana ndiko fedha inakovuja.

Bei ambazo mteja wa nyumbani wa TANESCO amezizoea zilipitishwa na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, na kuanza Aprili 2016. Kuna makundi mawili yanayomhusu. Kundi la D1 ni la matumizi madogo: uniti 75 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 100 kila moja, na ukivuka hapo kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Kundi la T1 ni la matumizi ya kawaida: kila uniti ni shilingi 292, tangu ya kwanza mpaka ya mwisho. Juu ya hizo kuna asilimia 18 ya VAT, asilimia 3 ya REA, wakala wa umeme vijijini, na asilimia 1 ya EWURA. Kwa hiyo uniti ya D1 inakufikia mkononi kwa shilingi 122, na ya T1 kwa shilingi 356 na senti.

Mtaani hakuna anayesema D1 wala T1. Watu wanasema, “Mimi elfu moja napata uniti nane,” na mwenzake anajibu, “Wewe una bahati, mimi napata mbili nukta nane.” Wote wawili wanasema kweli. Wa kwanza yuko D1, wa pili yuko T1, na pengine wanaishi ukuta kwa ukuta.

Sasa ingia kwenye ile nyumba ya vyumba sita. Tuseme kila familia inatumia uniti 40 kwa mwezi: taa mbili tatu, feni kwa joto la Bagamoyo, televisheni, kuchaji simu, pasi asubuhi ya shule. Ni matumizi ya kiasi. Kila familia ikisimama peke yake inaingia D1 bila kugusa mpaka, na inalipa shilingi 4,880 kwa mwezi. Lakini familia hizi hazisimami peke yao. Ziko kwenye mita moja, na mita haijui kuhesabu familia. Inaona uniti 240 zimepita, inahesabu kuwa huyu ni mtu mmoja mwenye matumizi makubwa, na mtu wa namna hiyo mahali pake ni T1. Uniti 240 za T1 ni shilingi 85,498. Gawanya kwa sita: kila familia shilingi 14,250.

Yaani umeme uleule, waya uleule, taa zilezile, na mpangaji analipa karibu mara tatu kwa sababu tu amechangia mita na wenzake. Nyumba nzima inapoteza zaidi ya shilingi 56,000 kila mwezi. Bei nafuu iliyowekwa kwa ajili ya mtu wa kipato cha chini inampita pembeni, inakwenda kwa aliyejenga nyumba yake mwenyewe na kuwekewa mita yake mwenyewe, na mara nyingi huyo ana nafuu kuliko anayepanga chumba kimoja.

Hata kama mita hiyo ya pamoja ingekuwa D1, nafuu isingedumu. Familia sita za uniti 40 zinakula uniti nane kwa siku. Uniti 75 za bei nafuu zinaisha siku ya kumi haijafika, na kuanzia hapo ni shilingi 427 kwa uniti pamoja na tozo zake, bei kali kuliko ya T1.

Daftari la ukumbini

Kila nyumba ya namna hii ina sheria zake za kuchangia, na karibu zote zinafanana. Kuna daftari la shule lenye jalada lililochakaa, linatunzwa na mpangaji anayeaminika, mara nyingi mama wa chumba cha mbele. Kurasa zimepigwa mistari kwa rula: jina, taa, TV, feni, friji, jumla. Mwenye taa na feni tu anatoa kidogo. Mwenye friji anatoa zaidi. Mwenye pasi anasamehewa, ila akionekana ananyoosha nguo za biashara neno linaanza. Jiko la umeme limepigwa marufuku, na anayelificha chini ya kitanda anajulikana kwa harufu ya maharage.

Mwisho wa mwezi ukikaribia, uniti zinapiga kelele. Rimoti ya mita inawekwa dirishani ukumbini, kila anayepita anabonyeza aone zimebaki ngapi. Zikifika tano, vyumba vinakuwa kimya. Kila mmoja anamsubiri mwenzake anunue. Usiku giza linaingia, na mtu wa kwanza kuchoka joto anatoa elfu mbili zake, anapokea tarakimu ishirini kwenye simu, anaingiza. Taa zinawaka nyumba nzima. Asubuhi anaanza kudai na anajibiwa, “Mama, si ungesema jana?”

Na ukiwa mwanzo wa mwezi kuna jambo la pili. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa shilingi 12,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikapandishwa hadi 18,000, yaani 1,500 kila mwezi. Kodi ni ya mwenye jengo, lakini inamkata anayenunua umeme wa kwanza mwezi ukianza. Kwenye mita ya pamoja huyo ni mpangaji mwenye haraka kuliko wenzake, kijana anayetaka kuangalia mpira kwa mfano, na risiti ya kodi ya baba mwenye nyumba inabaki kwenye simu yake.

Baadhi ya wenye nyumba wamejaribu dawa ya kufunga mita ndogo ya ndani kwa kila chumba. Inatuliza ugomvi, hilo halina ubishi. Sasa inajulikana nani katumia nini, na jiko la chini ya kitanda linajisema lenyewe. Lakini bei haibadiliki hata senti. TANESCO inaiona mita moja tu, ile ya nje, na ile ya nje iko T1. Kilichogawanywa kwa haki ni hasara.

Nani anapenda hali hii iendelee? Yupo. Ni mwenye frizi. Mama anayegandisha barafu na juisi za ukwaju kwa ajili ya wanafunzi na wavuvi anaweza kutumia uniti 90 peke yake. Akipewa mita yake hawezi kukaa D1, atakuwa T1 vilevile, na atalipa kama shilingi 32,000 kamili kutoka mfukoni mwake. Kwenye daftari la ukumbini analipa pungufu ya hapo, kwa kuwa tofauti inabebwa na wenye taa mbili. Simlaumu, biashara ni biashara. Ila ukisikia nyumba inajadili kuachana na mita ya pamoja na mtu mmoja anapinga kwa nguvu, angalia kama mlangoni kwake kuna kibao cha “Barafu zipo”.

Gharama ya kuachana

Kama hesabu iko wazi hivi, kwa nini watu hawaachani? Kwa sababu mlango wa kutokea una kiingilio.

Bei za kuunganishiwa umeme zina historia ya kupanda na kushuka. Mwaka 2021 shilingi 27,000 ya vijijini ilipelekwa mpaka mijini, na nchi nzima ikakimbilia fomu. Januari 2022 mijini wakarudishiwa bei ya zamani: shilingi 320,960 kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 isiyohitaji nguzo, 515,618 ikihitaji nguzo moja, na 696,670 ikihitaji mbili. Vijijini ikabaki 27,000. Vijiji vilivyokwisha kuchukua sura ya mji vikawa katikati, na wabunge wakavisemea sana bungeni: kwenye makaratasi ni kijiji, kwenye ankara ni mji. Ukanda huu wa kaskazini mwa Dar es Salaam umejaa maeneo ya aina hiyo. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba mwenye bangaluu lenye geti la umeme anaweza kuwa mwanakijiji, na mpangaji wa chumba kimoja Dunda akawa mtu wa mjini.

Chukua yule mpangaji wa uniti 40. Akiwa na mita yake, akiwa D1, anaokoa kama shilingi 9,370 kwa mwezi. Akilipia 320,960 kutoka mfukoni, inamchukua miezi 34 kurudisha fedha yake, karibu miaka mitatu. Kama eneo lake ni la 27,000, anairudisha kwa miezi mitatu. Huyu wa pili asilale, aombe kesho. Wa kwanza afikiri, maana ni wapangaji wachache wanaojua watakuwa wapi baada ya miaka mitatu, na mita haibebwi kama godoro.

Kwa hiyo wa kulipia ni mwenye nyumba. Na si kwa hisani: aongeze kodi ya chumba kwa shilingi 5,000 kwa mwezi, fedha yake itarudi kwa miaka mitano na ushee, na mpangaji bado atakuwa anaokoa zaidi ya 4,000. Chumba chenye LUKU yake kinapangishika haraka, muulize dalali yeyote wa Bagamoyo. Sharti ni kwamba nyaya za vyumba zitenganishwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Nyumba nyingi kongwe zimefungwa waya mmoja unaozunguka vyumba vyote, na kuutenganisha ni kazi, ina gharama yake, inataka ngazi na vumbi la siku kadhaa.

Nimesema “akiwa D1”, na maneno hayo yana uzito. Kundi la bei hupangwa na TANESCO kwa kuangalia matumizi, halipangwi kwa kuangalia sura ya mtu. Usipige hesabu yoyote kabla hujauliza ofisini mita mpya itaanza kundi gani na utatakiwa kukaa chini ya uniti 75 kwa muda gani.

Hapa nina neno na wanaopanga bei. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wa 2024 hadi 2034, unataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi, na umeme ni mojawapo. Jiko la kawaida la wati 1,000 likiwaka saa mbili kwa siku linakula uniti 60 kwa mwezi. Ongeza taa, feni na televisheni, familia imeshavuka 75. Huwezi kumwambia mama aache mkaa kisha ukamwadhibu kwa bei mara tatu siku anapokutii. Ama mpaka wa 75 uinuliwe, ama kupikia kuwe na hesabu yake.

Nguzo na kutegeana

Turudi chini ya mwembe wa kitongoji, ambako umoja una faida.

Tazama jinsi bei ya nguzo inavyofanya kazi. Nyumba tatu zimepangana, zote ziko mbali na laini kwa umbali wa nguzo moja. Wa kwanza kuomba analipa 515,618. Nguzo ikishasimama, ni mali ya shirika, na majirani wawili walio ndani ya mita 30 kutoka hapo wanalipa 320,960 tu. Wa kwanza amelipia shilingi 194,658 zaidi, na wenzake wamepata nguzo bure.

Kila mtu analijua hili, kwa hiyo kila mtu anasubiri mwenzake awe wa kwanza. Wanatumia sola ya taa tatu, wanachaji simu dukani, wananunua barafu ya samaki, na macho yote yako kwa jirani: ataanza lini? Nimesikia habari za mtaa uliokaa hivyo muda mrefu, wenye nyumba wote wana uwezo, hakuna aliyetaka kuwa mjinga wa wengine.

Ziada hiyo ikigawanywa kwa watatu, ni shilingi 64,886 kila mmoja. Kama ni nguzo mbili na nyumba sita, ziada ni 375,710, na kila nyumba inatoa 62,618. Hiyo ndiyo fedha inayowaweka watu gizani kwa kutegeana. Mama anayenunua mafuta ya jenereta kwa ajili ya saluni yake anaimaliza kwa wiki chache.

Kwenye nguzo, basi, changeni. Ugumu uko kwenye namna ya kuchanga. TANESCO haipokei mchango wa mtaa; kila mwombaji anapata kontroo namba yake na analipa lililoandikwa pale. Aliyepangiwa nguzo atalipa zaidi, na majirani watamrudishia nje ya mfumo. Kurudishiana huko kunahitaji karatasi: majina, kiasi, tarehe, sahihi, na muhuri wa ofisi ya kijiji au kitongoji, kabla nguzo haijashuka kwenye lori. Baada ya taa kuwaka, deni la nguzo huwa gumu kudaika kuliko deni la harusi.

Na fedha isipite mkononi mwa mtu. Penye mchango wa umeme hakukosi kishoka, kijana mwenye koti la kung'aa na koleo mfukoni, anayesema ana mtu wake ndani na nguzo itafika Ijumaa. Ombi hutumwa kwa NIKONEKT, mfumo wa TANESCO wa mtandaoni, au ofisini, kwa namba ya NIDA ya mwombaji, na malipo ni kwa kontroo namba peke yake. Anayetaka taslimu hana nguzo.

Waliojiunga kabla yetu

Watu wa Bagamoyo si wa kwanza kujiuliza. Novemba 2012 wapiga kura wa Chicago, Marekani, waliidhinisha mpango wa jiji kuwanunulia umeme wakazi wake kwa pamoja. Jiji likaingia mkataba na kampuni ya Integrys, mamia ya maelfu ya nyumba zikaingizwa, na asiyetaka aliruhusiwa kujitoa. Mwanzo bei ilikuwa nafuu kuliko ya ComEd, kampuni iliyozoeleka. Muda si mrefu nafuu ikayeyuka, na mwaka 2015 jiji likauacha mpango, watu wakarudi ComEd. Hakuna aliyefilisika, kwa sababu moja: mlango wa kutoka ulikuwa umeandikwa tangu siku ya kwanza.

Kwetu kuna Urambo, Tabora. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, gridi haijafika, wakazi waliunda chama cha ushirika cha watumiaji umeme, UECCO, wakisaidiwa na wataalamu wa Sweden. Waliwasha jenereta za dizeli saa chache za jioni na kuziendesha wenyewe kwa kamati waliyoichagua. Uniti yao ilikuwa ghali kuliko ya TANESCO na watu walilipa, kwani cha kulinganisha kilikuwa kibatari. Ushirika ule ulikuwa na maana kubwa mahali pasipo na laini. Mtu akija leo Kiromo au Mlingotini na wazo la mtambo wa sola wa kijiji kizima, aulizwe swali hilo kwanza: laini ya TANESCO iko umbali gani, na ikifika tutakuwa tumefungwa mkataba wa miaka mingapi?

Mfano wa karibu zaidi uko mbele ya macho yetu, ng'ambo ya bahari. Unguja yote inanunua umeme kwa jumla. ZECO inauchukua kwa TANESCO na kuwauzia wananchi, na waya wake unaingia baharini Ras Kiromoni, kwenye pwani hii hii ya kaskazini mwa Dar es Salaam, unatokea Fumba. Waya wa zamani ulipoharibika Desemba 2009, kisiwa kizima kilikaa gizani miezi mitatu, aliyelipa na asiyelipa. Uliwekwa mwingine wa megawati 100, ukaanza kazi 2013. Kisha likaja la deni. Machi 2017 Rais John Magufuli, akiwa Mtwara, aliiagiza TANESCO ikate umeme kwa wadaiwa wote, hata kama mdaiwa ni Zanzibar. Deni lilikuwa limepita shilingi bilioni 100. Haikufika kukatwa. Lakini fikiria muuza duka wa Darajani aliyenunua umeme wake kila wiki kwa fedha taslimu, akasikia redioni kwamba huenda akazimiwa. Yeye hakudaiwa hata ndururu. Aliyedaiwa ni kundi alilomo.

Mpangaji wa Magomeni analijua jambo hilo bila kuvuka bahari. Kwenye mita ya pamoja, uaminifu wako haukuwashii taa.

Ukitaka kusema kweli, kila anayenunua LUKU amekwisha kujiunga na chama kimoja kikubwa. Asilimia 3 ya kila uniti inakwenda REA, na imesimika nguzo katika vijiji ambavyo mnunuzi hatavifika. Anayelipa 292 anamsaidia anayelipa 100. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 huko Rufiji, lililowasha mtambo wa kwanza Februari 2024, linaleta umeme wake Chalinze, eneo lililokuwa chini ya Halmashauri ya Bagamoyo kabla halijapata halmashauri yake. Umoja huo mimi naupenda, na una utaratibu: kila mtu anahesabiwa kwa mita yake, mdogo anasaidiwa kwa kuwa anaonekana kuwa mdogo. Nyumba ya vyumba sita inauvuruga utaratibu huo kwa kuwaficha watu sita nyuma ya mtu mmoja.

Hivyo, msomaji wa Mapinga, Kerege na Kitopeni: kikao kikiitwa, nenda, toa elfu sitini yako, saini karatasi. Msomaji wa Dunda na Magomeni: chukua ujumbe wa mwisho wa LUKU kwenye simu, toa kodi ya majengo kama imekatwa, gawanya fedha iliyobaki kwa uniti ulizopata. Ikitoka 122, uko salama, kaa hapo. Ikitoka 356 na wewe una taa mbili na feni, mpelekee baba mwenye nyumba hesabu hiyo kabla hujalipa kodi ya miezi sita ijayo, maana ukishalipa hatakusikiliza.